Kikao chenye Makufuli Matatu

Vikao vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvitazama havikufanyika katika chumba chenye meza ndefu na projekta. Vilifanyika Njombe na Makambako, darasani baada ya watoto kwenda nyumbani, barazani kwa mwanachama mmoja, nyuma ya vibanda vya soko, watu ishirini na kitu wakiwa wameketi kuzunguka sanduku la bati lenye makufuli matatu. Ni vikao vya vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mtaani huitwa vikoba hata pale taratibu zake zinapotofautiana na zile za VICOBA vyenyewe, yaani benki za jamii za vijijini. Ninaandika kuwasifu wenyeviti wa vikundi hivi. Wengi niliowaona ni wanawake, wakulima wa viazi na wauza mitumba, na wanajua kuongoza kikao kwa namna ambayo mameneja wengi wa miradi wangelipia kozi ili waijue.

Nianze na mahali penyewe, kwa sababu mahali ndipo palipowafundisha kuheshimu muda. Mji wa Njombe uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake haina mzaha. Mkulima aliyetoka kwenye vinyungu vyake, yaani bustani za bondeni, hataki kurudi nyumbani gizani wakati ukungu umeshashuka. Makambako, kilomita zipatazo 60 kaskazini, ni mji wa njia panda: hapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana na ile ya Njombe na Songea, na hapo hapo pana stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mfanyabiashara wa Makambako huhesabu kila saa ambayo duka lake limefungwa. Kikao kikichelewa kuanza kwa nusu saa, watu ishirini na watano kwa pamoja wamepoteza zaidi ya saa kumi na mbili za kazi. Mwenyekiti anayelijua hilo hafungui kikao kwa hotuba. Anatazama saa, anatazama viti, sala fupi inasomwa, kazi inaanza.

Tena watu hawa wana sababu ya kukitunza kikao chao. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano zilizokuwa na mtaji pungufu, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, iliyoviweka vikundi vya kijamii vya fedha katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, kazi ambayo ilikabidhiwa kwa halmashauri. Kwa mtu wa kawaida kijijini, sanduku lililo nyumbani kwa jirani lilibaki kuwa benki anayoweza kuifikia kwa miguu. Mfumo wenyewe ulitoka mbali. Mwaka 1991 nchini Niger shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijijini waliozoea upatu, likaongeza juu ya upatu huo hisa, mkopo wenye riba na mgao wa mwisho wa mzunguko. Ukaenea Afrika nzima; Zanzibar uliota mizizi katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na huku bara ukapanda hadi Nyanda za Juu Kusini.

Utaratibu wa kikao ni ule ule kila wiki, na ndani ya utaratibu huo ndimo ufundi ulimo.

Kila mwanachama ana namba na huketi kwa namba yake. Jambo hili dogo lina faida nyingi. Asiyefika huonekana kwa pengo lake kabla jina halijaitwa. Mwenye cheo mtaani hawezi kujichagulia kiti cha mbele. Mtu na wifi yake hawakai bega kwa bega wakinong'ona wakati wengine wanahesabu. Na mwenyekiti anapoita, huita kwa namba: moja, mbili, tatu, hadi ya mwisho. Mwenye haya hahitaji kunyoosha mkono ndipo aonekane, maana zamu itamfikia alipo.

Sanduku hufunguliwa mbele ya wote na watu watatu wenye funguo, ambao kwa kanuni hawatoki katika uongozi. Ndani mna fedha, vitabu vya hisa, mihuri na mabakuli ya kuhesabia. Kabla noti hata moja haijaguswa, katibu huuliza: mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa, ulibaki na shilingi ngapi kikao kilichopita? Jibu limo daftarini mwake. Anauliza ili walitamke wanachama wenyewe. Sauti tatu nne hutoka kwa pamoja, wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, na kiasi kikilingana na kilichotajwa kazi inaendelea. Kisipolingana, kila kitu kinasimama hapo hapo.

Nimetafakari sana juu ya swali hilo la katibu. Katika vikao vingi kumbukumbu ni mali ya mwandishi wa muhtasari; wengine wote husikiliza muhtasari ukisomwa, hupiga makofi na kuuthibitisha bila kuukumbuka. Hapa kumbukumbu ni mali ya duara zima. Bibi ambaye hakupata kwenda shule, ambaye kitabu chake cha hisa anakisoma kwa kuhesabu mihuri, analijua salio sawasawa na katibu aliyemaliza kidato cha nne. Hawezi kudanganywa, na zaidi ya hapo, anajua kwamba hawezi kudanganywa. Mtu mwenye uhakika wa namna hiyo huzungumza tofauti kikao kikifika kwenye jambo gumu.

Baada ya mfuko wa jamii hufuata hisa. Bei ya hisa hupangwa na kikundi chenyewe mwanzoni mwa mzunguko, na kila kikao mtu hununua kuanzia hisa moja hadi tano. Anasimama, anaweka fedha bakulini, wahesabu wanatangaza kiasi, katibu anagonga mihuri kitabuni, na nafasi zilizobaki kwenye mstari wa siku hiyo zinakatwa kwa kalamu ili muhuri wa ziada usije ukagongwa baadaye. Mwanachama anakitazama kitabu kabla ya kukirudisha. Mwenyekiti naye huitwa kwa namba yake, husimama na kuweka hisa zake kama wengine wote.

Katika nusu saa ya hesabu hizo mwenyekiti mzuri hutamka maneno machache mno. Hagusi fedha. Hamsaidii mhesabu aliyekwama, hata kama yeye mwenyewe ameshaliona jibu, kwa kuwa siku akisaidia ndiyo siku watu watakapoanza kumtazama yeye badala ya kulitazama bakuli. Mtu akianzisha habari ya bei ya viazi sokoni wakati noti zinahesabiwa, anasema tu, "Tusubiri hesabu," kwa sauti ya kawaida, na macho yanarudi katikati. Nikiwatazama wenyeviti waliokomaa, nimeona kuwa juhudi yao kubwa iko katika kunyamaza. Kunyamaza huko kunachosha, kwa sababu mtu ananyamaza huku akifuatilia mambo mengi kwa wakati mmoja: nani amenunua hisa moja leo ilhali huwa ananunua nne, nani ameinamisha kichwa kila neno mkopo likitajwa, nani amekuja na mtoto mwenye homa na anahitaji kuondoka mapema.

Wana mbinu moja nyingine ninayoipenda. Mtu akiuliza, "Mama mwenyekiti, hivi faini ya kuchelewa ni kiasi gani?" mwenyekiti hajibu. Anasema, "Namba tisa, tukumbushe." Namba tisa akisahau, namba kumi na nne ataulizwa. Mara nyingine, kabla ya hisa, mwenyekiti huchagua watu wawili watatu kwa kushtukiza na kuwataka kila mmoja ataje kanuni moja ya katiba, na asiyekumbuka hulipa faini ndogo huku wenzake wakimcheka kwa wema. Mgeni anaweza kuuona kama mchezo wa kuchangamsha watu. Lakini miezi kadhaa ya maswali ya namna hiyo huifanya katiba iishi vinywani mwa watu ishirini na tano badala ya kulala katika bahasha kabatini, na mwenyekiti huwa amepunguza hatua kwa hatua idadi ya mambo ambayo lazima ayajue yeye.

Faini ndiyo inayopima heshima. Njombe ni mahali ambapo mkubwa bado ni mkubwa. Watu huamkiana kwa "kamwene", mdogo anainama kidogo, na neno la mzee halikatizwi. Mfikirie mwenyekiti mwenye miaka ishirini na minane, mzee mwenye umri wa baba yake ameingia kikao kimeshaanza. Akimwacha, kesho vijana watachelewa na hatakuwa na la kuwaambia. Akimkaripia, amevunja adabu, na duara zima litaona aibu kwa niaba ya mzee. Niliyemwona akilimudu jambo hili alisimama, akaamkia, "Shikamoo baba," akangoja aitikiwe marahaba, akamngoja mzee aketi kwenye kiti chake. Kisha akageukia kikundi: "Namba sita, katiba inasemaje juu ya saa?" Namba sita akasema. Mzee akatoa sarafu mfukoni kabla hajaombwa, ikalia bakulini, makofi yakapigwa. Yule dada hakumtoza mtu faini. Alimpa mzee nafasi ya kuitii katiba ambayo yeye mwenyewe aliinyooshea mkono siku ilipopitishwa.

Kila baada ya wiki nne huja kikao cha mikopo, na hapo ndipo mwenyekiti hasa hupimwa. Marejesho hutangulia. Anayerudisha husema kwa sauti alikopa kiasi gani, anarudisha kiasi gani, na nini kimebaki. Kisha fedha zote zilizomo zinahesabiwa, jumla inatangazwa, na waombaji wanataja mmoja mmoja kiasi, sababu na muda. Hakuna barua ya maombi ya faragha, hakuna kumfuata mwenyekiti nyumbani jioni. Kilichoombwa kimeombwa mbele ya watu.

Shida ni kwamba maombi karibu kila mara huzidi fedha. Tuchukue mfano wa Oktoba, mvua zikikaribia. Sandukuni mna shilingi 1,200,000. Wa kwanza anaomba 500,000 za mbegu za viazi na mbolea. Wa pili, muuza mitumba anayefuata mzigo Makambako, anaomba 400,000. Wa tatu 300,000 za bati. Wa nne 300,000 za miche ya parachichi. Wa tano 250,000 za kuongeza mtaji wa genge. Wa sita 150,000 za kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa. Jumla ni 1,900,000, na pungufu ni 700,000.

Mwenyekiti mchanga hukimbilia kukata kwa asilimia: kila mtu apunguziwe zaidi kidogo ya theluthi. Inaonekana haki na inaokoa muda. Matokeo yake mwenye bati anapata bati za nusu paa, mwenye mtoto anafika hospitali bila nauli ya kurudi, na mwenye viazi anapanda bila mbolea. Watu sita wameondoka na fedha, na huenda hakuna hata mmoja aliyefanya alichokusudia. Mwenyekiti mwingine, mbaya zaidi, huacha mjadala uende wenyewe, na wenye ulimi mwepesi hujikatia vipande vinono.

Aliyeiva huuliza maswali, na huyauliza kwa mpangilio aliouwaza. Anaanza na ombi dogo kuliko yote, la hospitali, kwa kuuliza kikundi kama kuna anayetaka lipunguzwe. Hakuna. Limepita, na sasa kila mtu amekwisha kukubaliana na mwenzake juu ya jambo moja, ambalo ni mwanzo mzuri. Kisha anauliza kwa tarehe: kipi kikikosa fedha leo kitaharibika kabla ya kikao kijacho cha mikopo? Bati, maana mvua haingoji. Mbegu, maana shamba limeshaandaliwa. Miche ya parachichi? Mwenyewe anafikiri, anasema mvua zikishatulia ardhini ndipo atakapopanda, anaweza kungoja wiki nne. Pungufu limeshuka hadi 400,000, na aliyelishusha ni mwombaji mwenyewe. Muuza mitumba anaulizwa kama mzigo lazima ununuliwe kwa safari moja; anasema anaweza kuanza na 200,000. Mwenye genge anajitolea kupunguza 100,000. Zimebaki 100,000 tu, na hapo duara linanyamaza.

Ukimya huo ndio niliokuja kuuheshimu kuliko yote. Mwenyekiti asiye na subira angeujaza kwa pendekezo lake. Huyu anaketi, mikono mapajani, anangoja. Mwishowe anageukia wasiokopa, ambao mpaka sasa walijiona watazamaji: "Na ninyi ambao hamkuomba, mnaona nini?" Namba kumi na tisa anasema anazo mbegu za viazi alizobakiza stoo, anaweza kumpa mwenzake magunia kadhaa, atalipwa akivuna. Mwenye viazi anashusha ombi lake hadi 400,000. Hesabu imetimia: 400,000, 200,000, 300,000, 150,000 na 150,000, jumla 1,200,000. Pungufu lililoanza kama tatizo la fedha lilimalizwa na magunia ya mbegu yaliyokuwa katika nyumba ya mtu, na yasingejulikana kama wasiokopa wasingeulizwa.

Wenzangu wanaofanya kazi za kutengeneza programu za kompyuta watakuwa wameshaona ninakoelekea. Februari 2001, watu 17 wa fani hiyo walikutana Snowbird, katika milima ya Utah, Marekani, wakaandika ilani fupi iliyoupa jina utaratibu wa ejaili: kufanya kazi kwa vipindi vifupi, kuonyesha kilichokamilika, kurekebisha njia kila mara. Katika skramu, tawi lake linalojulikana zaidi, kipindi kimoja hakizidi mwezi, timu hukutana kila siku kwa dakika 15, na mwisho wa kipindi huketi kujitathmini. Ken Schwaber na Jeff Sutherland, walioandika mwongozo wa skramu, wanasema wazi kwamba kikao kile cha kila siku ni cha wafanyakazi wenyewe kupangiana siku yao.

Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Lakini ingia katika ofisi nyingi zinazojivunia ejaili uitazame standapu, yaani hicho kikao cha kila siku, inavyofanyika asubuhi. Watu wamesimama nusu duara, kila mmoja anamtazama bosi. Anaeleza aliyoyafanya jana kwa namna ya kujikinga, wenzake hawasikilizi kwa kuwa wanajiandaa kwa zamu zao, na bosi ndiye anayejua picha nzima. Akisafiri, kikao kinakufa. Vitu vyote vya nje vipo: muda, ubao, zamu. Kinachokosekana ni lile swali la katibu wa Njombe, la kuwataka watu wote wataje kwa vinywa vyao kazi ilipofikia, kabla ya mtu yeyote kutazama ubao. Ningependa kuona timu moja ya programu ikilijaribu kwa mzunguko mmoja: kila asubuhi mmoja wao, kwa namba, aeleze ahadi ya jana ya mwenzake badala ya kueleza yake. Nadhani ndani ya wiki mbili watu wangeanza kusikilizana.

Kuna tofauti ambayo sitaki kuipuuza. Katika duara la Njombe kila mtu fedha yake imo sandukuni, na mwajiriwa anayesimama kwenye standapu hana sanduku la namna hiyo. Ni kweli. Ila nimeona pia vikundi ambavyo fedha za wanachama zimo na vikao vyake ni vibovu. Vingi vya namna hiyo vilianzishwa haraka haraka ili kupata mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Katiba ilinakiliwa kwa jirani, viongozi walipangwa usiku mmoja, na fedha zilipoingia hapakuwa na mazoea ya kuulizana. Kuwa na kitu ndani ya sanduku kunampa mtu sababu ya kujali. Kujua namna ya kujali pamoja na wenzake ni jambo la kufundishwa, na hufundishwa kikaoni.

Deni lililochelewa ndilo linaloonyesha kama mafunzo hayo yameshika. Mwanachama ameshindwa kuleta rejesho. Mwenyekiti haulizi kwa nini yeye ni mtu wa namna hiyo. Anauliza nini kimetokea, kiasi gani anacho leo, na tarehe gani nyingine tuiandike. Kama kuna msiba au ugonjwa, mfuko wa jamii upo kwa ajili hiyo, na hilo huzungumzwa kwanza. Kama hakuna, tarehe inaandikwa na watu wote wanaitamka. Nimesikia habari za vikundi vinavyokwenda kumchukulia mtu sufuria na godoro. Huwa nawaza kwamba kikundi cha namna hiyo kilichelewa wiki nyingi: siku yule mtu aliponunua hisa moja badala ya nne, hakuna aliyemsogelea baada ya kikao kumwuliza, "Dada, nyumbani kwema?" Mwenyekiti mwenye jicho huuliza siku ile ile, pembeni, bila katibu.

Siku hizi simu zimeingia. M-Koba ya Vodacom inakiwezesha kikundi kuweka fedha pamoja kwa simu, kila muamala unajulikana kwa wanachama na viongozi zaidi ya mmoja ndio huidhinisha fedha kutoka. Kwa wafanyabiashara wa Makambako ambao wiki hii wako Songea na wiki ijayo Dar es Salaam, ni msaada wa kweli, na fedha haziwezi kuibwa pamoja na sanduku. Hata hivyo wenyeviti wenye busara niliozungumza nao hawakukiacha kikao. Fedha huenda kwenye simu. Watu bado huketi kwa namba zao, salio bado hutamkwa kabla ya mtu kufungua simu yake, na mikopo bado huombwa kwa sauti. Walipoacha kuhesabu noti waligundua kwamba wamepata dakika thelathini za ziada, na kikundi kimoja kimezitumia kumpa kila mwezi mwanachama mmoja nafasi ya kueleza biashara yake, hasara kwa faida. Huo ni ubunifu wa hali ya juu.

Na ufundi huu hupokezwa vipi? Mwanzoni kunakuwa na mkufunzi, kijana wa shirika au mwanakijiji aliyefunzwa. Anafundisha kwa awamu, na kila awamu humwondoa zaidi. Awamu ya kwanza huhudhuria karibu kila kikao. Ya pili huja kwa nadra, na akija huketi nje ya duara. Ya tatu huja tu kuona mgao. Tangu siku ya kwanza kanuni inamkataza kushika fedha au kuandika katika kitabu cha mwanachama, hata akiombwa. Kazi yake inapimwa kwa jinsi asivyohitajika, na mwenyekiti aliyefundishwa na mtu wa namna hiyo huiga mwendo huo huo bila kuambiwa. Akienda msibani Ludewa, hamwachii makamu maagizo ya kurasa mbili. Kikao kina mifupa yake. Makamu ataita namba moja, na namba moja atasimama.

Mzunguko huisha baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, na kikundi kinavunja, yaani kinagawana fedha zake. Wakulima wengi hupenda kuvunja kabla ya kupanda, fedha ziende kwenye mbolea. Wa mjini hupenda Desemba, kwa ajili ya sikukuu na mahitaji ya shule ya Januari. Madeni yote yanafungwa, jumla inagawanywa kwa idadi ya mihuri yote, na kila mtu anapata kulingana na mihuri yake. Ni siku ya nderemo, watu wamevaa vizuri, wali unapikwa. Lakini kazi nzito zaidi ya mwenyekiti iko kwenye kikao kinachofuata, ambacho hakina fedha kabisa. Wanapitia katiba kifungu kwa kifungu: bei ya hisa ilikuwa juu mno kwa nani, faini gani haikumzuia mtu, siku ya kikao iligongana na nini. Wanaotaka kuondoka wanaondoka bila kuulizwa sana, wapya wanaingia, namba zinapangwa upya.

Kisha uongozi unachaguliwa, na hapa mwenyekiti anayemaliza huwa na neno moja la kusema na la kutenda. Anarudisha daftari la katiba mezani na kuomba wagombea wawe zaidi ya mmoja kwa kila nafasi. Kura hupigwa kwa siri. Nimeona aliyeongoza mizunguko miwili akishindwa na mwanamke aliyekuwa mhesabu fedha, mtu mpole ambaye mwaka mzima kazi yake ilikuwa kuhesabu noti kwa sauti. Wiki iliyofuata, mwenyekiti mpya alifungua kikao saa kumi kamili, akamwuliza mtangulizi wake, ambaye sasa alikuwa namba kumi na moja, kifungu cha kuchelewa kinasemaje. Alikisema chote, neno kwa neno, na wakaendelea na mfuko wa jamii.